Kuhesabu Sarafu kwa Mizani: Jibu kwa Mweka Hazina wa Kikundi

Swali: Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wa Afrika Mashariki tunaoishi Uingereza. Kila mwezi tunachanga kwa kutia sarafu katika kibubu kikubwa, na mimi ndiye ninayekesha nikizihesabu moja moja. Nina mizani ya jikoni inayoonyesha gramu nzima nzima, mwisho wake kilo 5. Je, naweza kuzipima badala ya kuzihesabu, na wenzangu wakaiamini hesabu hiyo? Dada yangu aliye Marekani anataka kujua kama kwake mambo ni hayo hayo. Tena marehemu bibi yetu, mzaliwa wa Unguja, alizoea kusema kwamba wakia ni uzito wa reale. Alikuwa na maana gani?

Jibu: Dada mweka hazina, unaweza kuzipima, na hesabu yako itaaminika, mradi ukubali kufanya kazi moja kabla ya kugusa mizani, nayo ni kuzichambua sarafu katika mafungu sita. Nimesema sita ingawa aina za sarafu zinazozunguka Uingereza ni nane, na sababu ya kupungua mafungu mawili ndiyo siri nzima ya jambo hili, kwa hiyo nitaanza nayo.

Sarafu haifuliwi kwa kukisia. Kila aina imewekewa uzito wake kisheria, na kiwanda cha kifalme cha sarafu, ambacho tangu 1968 kiko Llantrisant katika nchi ya Wales, hulazimika kuufuata. Waingereza wamelichukulia jambo hili kwa uzito kiasi kwamba tangu karne ya 13 wamekuwa na baraza maalumu la kuzipima na kuzichunguza sarafu mpya, nalo hukutana London kila mwaka hata leo. Uzito wenyewe ni huu: peni 1 ina gramu 3.56 na peni 2 ina gramu 7.12, peni 5 ina gramu 3.25 na peni 10 ina gramu 6.50, peni 20 ina gramu 5.00, peni 50 ina gramu 8.00, pauni 1 yenye pembe kumi na mbili ina gramu 8.75, na pauni 2 ina gramu 12.00.

Zitazame tena zile nne za mwanzo. Peni 2 ni nzito mara mbili kamili ya peni 1, na peni 10 ni nzito mara mbili kamili ya peni 5. Maana yake ni kwamba katika sarafu nyekundu, yaani peni 1 na peni 2, uzito hufuata thamani: ukiweka mizanini peni 2 moja au peni 1 mbili, gramu ni zile zile na fedha ni ile ile. Kwa hiyo huna haja ya kuzitenganisha. Rundo lolote la sarafu nyekundu, hata zikichanganyika namna gani, lina thamani ya peni moja kwa kila gramu 3.56, na rundo lolote la peni 5 na peni 10 lina thamani ya peni tano kwa kila gramu 3.25. Nne zilizobaki hazina uhusiano huo. Peni 50 ina thamani mara mbili na nusu ya peni 20, lakini uzito wake si mara mbili na nusu; ikiwa ungefuata thamani, ingekuwa na gramu 12.5, na kwa kweli kabla ya 1997, ilipopunguzwa, peni 50 ilikuwa na gramu 13.5. Kila moja katika hizo nne lazima ikae peke yake, nazo pamoja na yale mafungu mawili ndizo sita zako.

Wengi huuliza kama wanaweza kumimina kibubu kizima mizanini na kupata jibu bila kuchambua. Haiwezekani, na hakuna hesabu yoyote itakayowaokoa, kwa sababu uzito mmoja waweza kutokana na sarafu tofauti kabisa. Gramu 40 zaweza kuwa peni 20 nane, ambazo ni pauni 1.60, na zaweza kuwa peni 50 tano, ambazo ni pauni 2.50. Gramu 60 zaweza kuwa pauni 2 tano, yaani pauni 10 nzima, au peni 20 kumi na mbili, yaani pauni 2.40 tu. Mizani haioni sura ya sarafu, hivyo kazi ya kuitambua ni ya macho yako na vidole vyako.

Tuchukue mfano. Tuseme umekwisha kuchambua, umekiweka chombo kitupu juu ya mizani na kubonyeza kitufe cha kurudisha sifuri ili uzito wa chombo usiingie katika hesabu, kisha umepima fungu moja baada ya jingine. Sarafu nyekundu zimetoa gramu 2,134. Peni 5 na peni 10 zimetoa gramu 1,742. Peni 20 zimetoa 865, peni 50 zimetoa 352, pauni 1 zimetoa 726 na pauni 2 zimetoa 252.

Anza na zilizo rahisi. Pauni 2: 252 gawanya kwa 12 ni sarafu 21, yaani pauni 42. Peni 50: 352 gawanya kwa 8 ni sarafu 44, yaani pauni 22. Peni 20: 865 gawanya kwa 5 ni sarafu 173, yaani pauni 34.60. Pauni 1: 726 gawanya kwa 8.75 ni 82.97, na kwa kuwa hakuna sarafu isiyo nzima, idadi ni 83. Peni 5 na 10: 1,742 gawanya kwa 3.25 ni 536, lakini hapa usikosee, kwani 536 si idadi ya sarafu bali ni idadi ya tano-tano, kwa hiyo zidisha kwa peni 5 upate pauni 26.80. Mwisho sarafu nyekundu: 2,134 gawanya kwa 3.56 ni 599.4.

Hapo pa mwisho ndipo unapopaswa kusimama. Katika mafungu mengine jibu limeangukia kwenye namba nzima au karibu nayo kabisa, lakini 599.4 iko karibu katikati ya 599 na 600, na mizani yako haiwezi kukuamulia. Mtu mwenye haraka angeandika lolote, kwa kuwa tofauti ni peni moja. Ninakushauri usifanye hivyo, kwa sababu fedha si zako peke yako, na mwenzako anayekagua daftari akiona umekisia peni moja ana haki ya kujiuliza umekisia wapi pengine. Ligawe fungu hilo vipande vidogo na kulipima upya. Tuseme umefanya hivyo ukapata 599. Basi jumla ya kibubu ni pauni 214.39, na uzito wake wote ni gramu 6,071, zaidi ya kilo 6, ambazo mizani yako isingezibeba kwa mkupuo mmoja. Angalia pia kwamba sarafu nyekundu zimechukua zaidi ya theluthi moja ya uzito huo, ilhali thamani yake haifiki hata asilimia 3 ya fedha zote. Kilo 5 kamili za sarafu nyekundu ni pauni 14 na peni chache. Kilo 5 za pauni 2 zinapita pauni 830.

Sasa nieleze ile sehemu ya desimali ilitoka wapi, kwa sababu ukiielewa utajua lini uiamini mizani na lini uishuku. Makosa ya aina mbili hukutana hapa. La kwanza ni la mizani yenyewe. Mizani inayoonyesha gramu nzima hukata au hukweza sehemu iliyobaki, na kosa hilo ni la ukubwa uleule uwe umepima sarafu moja au mia tano. Ndiyo maana mtu hapaswi kamwe kupima sarafu moja kisha akaitumia namba hiyo kugawanyia rundo. Ukiweka peni 1 moja, mizani yako itaonyesha gramu 4 badala ya 3.56. Ukichukua 4 hiyo na kuigawanyia rundo la peni 500, ambalo lina gramu 1,780, utapata 445. Peni 55 zimepotea na hakuna aliyeziiba. Nilipokuwa najifunza kazi ya kukagua mizani, mkufunzi wetu hakutusamehe kosa hili hata mara moja. Alitutaka tuhesabu kwa mkono vipande hamsini, tuvipime pamoja, kisha ndipo tugawanye kwa hamsini. Kwa njia hiyo kosa la nusu gramu linagawanywa nalo mara hamsini, na linakuwa dogo mno lisiwe na madhara.

La pili ni la sarafu. Nyingine hutoka kiwandani zikiwa zimezidi kidogo, nyingine zikiwa zimepungua kidogo, na hizo hufidiana kwa kiasi kikubwa zikiwa nyingi. Lakini kuchakaa hakufidiani, kwa kuwa sarafu iliyopita mikono mingi kwa miaka mingi hupungua tu, haiongezeki. Tuseme kwa wastani sarafu zako zimepungua asilimia moja. Katika sarafu 10 hutaona kitu. Katika 50 upungufu umefikia nusu ya sarafu, na hapo jibu linaanza kuyumba. Katika 100 umekosa sarafu nzima. Kwa hiyo rundo kubwa halikupi uhakika zaidi kama watu wanavyodhani. Pima kwa mafungu ambayo hayapiti sana hamsini, andika kila jibu, kisha jumlisha. Uchafu nao una uzito, na sarafu zilizolowana au zenye utando wa mafuta ya jikoni ziwekwe kando zikaushwe na kufutwa kwanza.

Kabla ya yote, toa wageni. Sarafu za yuro hupenya sana katika vibubu vya namna hii, kwa mfano senti 20 ya yuro ina gramu 5.74 na yaweza kujificha kati ya peni 20. Pauni 1 ya zamani ya duara, iliyoacha kuwa fedha halali tarehe 15 Oktoba 2017, ina gramu 9.50, hivyo kumi za namna hiyo zikisahauliwa katika fungu huzidisha gramu 7.5, karibu sarafu moja nzima. Peni 5 na peni 10 kubwa za kabla ya 1990 na 1992 nazo hazina nafasi hapa. Utazitambua kwa ukubwa wake.

Pengine umeona kwamba baadhi ya sarafu nyekundu hunaswa na sumaku na nyingine hazinaswi, ukashuku kwamba uzito wake haulingani. Ondoa shaka. Tangu 1992 peni 1 na peni 2 hufuliwa kwa chuma kilichopakwa shaba, badala ya ule mchanganyiko wa shaba, zinki na bati kidogo uliotumika awali, na tangu 2012 peni 5 na peni 10 ni chuma kilichopakwa nikeli. Chuma ni chepesi kuliko shaba kwa ujazo ule ule. Ili uzito usibadilike, Waingereza waliongeza unene wa sarafu na kuacha kipenyo vile vile. Naupenda uamuzi huo, kwa sababu walikumbuka kwamba benki na maduka hupima sarafu, na mizani yote iliyokuwa ikitumika iliendelea kutumika bila kurekebishwa.

Marekani, kwa dada yako, walipofikia njia panda kama hiyo walichagua upande mwingine. Mwaka 1982 senti moja yao, iliyokuwa karibu shaba tupu na yenye gramu 3.11, ilibadilishwa ikawa zinki iliyopakwa shaba, ukubwa ukabaki ule ule, uzito ukashuka hadi gramu 2.50. Matokeo yake ni kwamba chupa ya senti iliyojaa za zamani na mpya haiwezi kupimwa kwa namba moja: senti 100 za zamani zina gramu 311, na mtu akizigawanya kwa 2.5 atadhani ana 124. Dada yako asome mwaka ulioandikwa kwenye kila senti na kuzitenganisha. Zile za 1982 zenyewe ni za aina zote mbili, hivyo azihesabu kwa mkono. Senti tano yao ina gramu 5 kamili na ikae peke yake. Lakini kwingineko amepata bahati kubwa kuliko yako, kwani senti 10 ina gramu 2.268, senti 25 ina gramu 5.670 na senti 50 ina gramu 11.340, na zote tatu zimefungwa kwenye kiwango kimoja cha gramu 22.68 kwa kila dola. Anaweza kuzichanganya zote tatu, akapima mara moja. Uwiano huo ni urithi wa siku ambazo sarafu hizo zilikuwa za madini ya fedha na dola ilikuwa ndiyo kiasi fulani cha madini hayo; fedha ilipoondolewa katika senti 10 na senti 25 kwa sheria ya 1965, uwiano ulibaki. Na mizani ya kwao ikiwa ni ya ratili, atapenda kujua kwamba dola 20 za sarafu hizo zina gramu 453.6, yaani ratili moja ya Kiingereza.

Hilo linatufikisha kwa bibi yenu, ambaye hakukosea. Katika karne ya 19 fedha iliyotawala biashara ya Unguja na pwani yetu ilikuwa reale ya Sham, sarafu ya fedha ya Austria yenye sura ya malkia Maria Theresa na mwaka 1780, mwaka aliofariki. Iliendelea kufuliwa kwa muda mrefu baada ya kifo chake ikiwa na mwaka ule ule, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Omani na Unguja hawakutaka sura nyingine. Uzito wake ni gramu 28.07. Wazee wetu waliuchukua uzito huo ukawa mwanzo wa vipimo vyao: wakia moja ni uzito wa reale moja, wakia 16 ni ratili, ratili 3 ni mani, na mani 12 ni frasila.

Tuifanye hesabu, nawe utaona jinsi ilivyo sawa na ile ya kibubu chako. Frasila ni mani 12, na kila mani ni ratili 3, kwa hiyo ni ratili 36. Kila ratili ni wakia 16, na 36 mara 16 ni 576. Frasila basi ni uzito wa reale 576. Zidisha kwa 28.07 upate gramu 16,168, yaani kilo 16 na kidogo, na hicho ndicho kiasi ambacho watu wa Unguja na Pemba walikijua kwa mikono yao walipobeba frasila ya karafuu. Wafanyabiashara wa Kiingereza waliiandika frasila kuwa kiasi cha ratili 35 za kwao, nazo zinakaribiana, kwa kuwa wakia ya reale ni nyepesi kidogo kuliko wakia ya Kiingereza yenye gramu 28.35. Kwa hiyo mtu aliyeambiwa bei ya pembe za ndovu kwa reale kadhaa kila frasila alikuwa akisikia sarafu moja ikifanya kazi mbili, upande mmoja ikiwa bei na upande wa pili ikiwa jiwe la mizani. Kwa masonara ilikuwa hivyo hivyo kwa rupia ya Kihindi, iliyotumika pwani ya bara mpaka mwanzo wa miaka ya 1920, na Unguja mpaka katikati ya miaka ya 1930: uzito wake, gramu 11.66, ndio tola ambayo dhahabu hupimwa nayo hata leo.

Wewe pia waweza kuitumia sarafu kama jiwe la mizani, na ufanye hivyo kabla ya kuiamini mizani yako ya jikoni. Chukua peni 20 ishirini, zile zinazong'aa zaidi, uzipime pamoja. Mizani iseme gramu 100. Ziongeze ziwe hamsini na iseme 250. Ikionyesha 98 na 245, mizani yako inapunguza kwa asilimia 2, na kila fungu utakalopima litapungukiwa vivyo hivyo. Badilisha betri, iweke mahali palipo bapa na pagumu, ujaribu tena. Ikiendelea hivyo, usiitumie kwa fedha za watu.

Limebaki la benki. Benki za huko hupokea sarafu katika vile vifuko vya nailoni vilivyoandikwa kiasi, na keshia huviweka mizanini badala ya kuvifungua. Ukivijaza mwenyewe kwa uzito, umekwisha kupata yale mafungu madogo niliyokushauri. Kifuko cha pauni 1 ya sarafu nyekundu kiwe na gramu 356. Cha pauni 5 za peni 5 au peni 10 kiwe na 325. Hapa aina mbili zisichanganywe katika kifuko kimoja hata kama uzito unaruhusu, kwa kuwa benki nyingi hukataa, na vivyo hivyo kwa zile nyekundu. Cha pauni 10 za peni 20 kiwe na 250, cha pauni 10 za peni 50 kiwe na 160, cha pauni 20 za pauni 1 kiwe na 175, na cha pauni 20 za pauni 2 kiwe na 120. Kwa kibubu cha mfano wetu, ikiwa mgawanyo wa sarafu ndogo unaruhusu, hivyo ni vifuko 21 vyenye pauni 200 kamili. Pauni 14.39 zinazobaki zihesabu kwa mkono, uziandike katika daftari kuwa ni salio, na uzirudishe kibubuni kwa mwezi ujao.